MTOTO ANAPOOGOPA KLINIKI

Umewahi kufika kliniki ya watoto asubuhi? Kama umefika, kelele zake unazijua. Mtoto mmoja anavuliwa shati ili apimwe uzito. Anaanza kulia. Wa pili anasikia kilio, naye anaanza. Wa tatu bado yuko nje kwenye benchi. Ameshika kanga ya mama yake kwa mikono miwili. Mama anapoitwa, mtoto anajilaza chini na kupiga mateke. Watu wote wanamtazama mama.

Hali hii utaiona katika Kituo cha Afya Kaloleni, mjini Arusha. Utaiona Tengeru, Nkoaranga na Ngaramtoni. Utaiona hata chini ya mti kijijini, siku wauguzi wanapokuja na huduma ya mkoba.

Mtoto kulia kliniki si ajabu. Hatari ni pale mzazi anapochoka na kilio hicho akaacha kwenda. Husema, "Mtoto huyu ananiaibisha. Mwezi huu nitapumzika." Mwezi mmoja unakuwa miwili. Miwili inakuwa mwaka. Mtoto ameshinda, lakini ushindi huo unaweza kumdhuru yeye mwenyewe.

Leo tuzungumze jinsi ya kumsaidia mtoto anayeogopa kliniki. Utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani, kabla ya siku ya kliniki.

MIEZI 9 SI MWISHO

Kwanza tukumbuke kwa nini tunakwenda.

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza nchini mwetu mwaka 1975. Wazee wetu wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Surua ikiingia kijijini, ilipita nyumba kwa nyumba. Mtoto alipata homa na vipele. Baadaye wengine walipata kichomi, wengine kuhara, wengine upofu. Wengi walikufa.

Mambo yamebadilika sana. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2004/05, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Katika uchunguzi wa mwaka 2022, walikuwa 43. Sababu za maendeleo haya ni nyingi, na chanjo ni mojawapo. Lakini watoto 43 bado ni wengi. Ukiwaweka pamoja, wanajaza darasa zima.

Mtoto huchanjwa anapozaliwa. Kisha huchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Halafu hupewa chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Chanjo nyingine zinaweza kuongezwa, kwa hiyo fuata yale muuguzi atakayokuambia.

Sasa fikiri. Mtoto wa wiki 6 hajui anapelekwa wapi. Hulia sindano ikiingia, akinyonya ananyamaza. Mtoto wa miezi 18 si hivyo. Anatembea, anakumbuka, ana nguvu. Akiliona lango la kliniki, anageuka. Ndiyo maana wazazi wengi humpeleka mtoto miezi 9, wakasema kazi imekwisha. Nchini mwetu watoto wanaopata chanjo ya pili ya surua ni wachache kuliko wanaopata ya kwanza.

Hilo ni kosa kubwa. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, karibu 15 hawapati kinga mara hiyo ya kwanza. Huwezi kumjua ni nani kwa kumtazama. Chanjo ya miezi 18 ndiyo inayowafikia hao waliobaki. Mtoto aliyekosa chanjo hiyo kwa sababu alipiga mateke anaweza kuwa mmoja wa hao 15.

NANI ALIMFUNDISHA KUOGOPA?

Mtoto huogopa mambo mengine kwa asili yake. Huogopa mtu asiyemjua. Huogopa kuvuliwa nguo mbele ya watu. Huogopa kuning'inizwa kwenye mizani, miguu haigusi chini.

Lakini hofu nyingine tunampa sisi wenyewe. Sikiliza maneno yanayosemwa katika nyumba zetu:

"Ukikataa kula, nitakupeleka kwa nesi akuchome sindano."

"Nyamaza! Daktari anakuja!"

Maneno haya yananyamazisha mtoto kwa dakika tano. Lakini yanamfundisha kwamba sindano ni adhabu na nesi ni adui. Siku ya kliniki, mtoto huyo anaona umetimiza ulichosema. Anajiuliza, "Nimekosa nini?" Halafu tunashangaa anapokimbia.

Basi, jambo la kwanza ni hili: usimtishe mtoto kwa sindano. Mwambie pia bibi, shangazi na kaka zake wasimtishe. Nyumba nzima iwe na sauti moja.

Jambo la pili: usimdanganye. Usimwambie, "Tunakwenda sokoni kununua ndizi," kisha ukaingia naye kliniki. Usimwambie, "Haitauma." Itauma, naye ataona kuwa ulimdanganya. Safari ijayo hata ukimpeleka soko la Tengeru kwa kweli, hatakuamini.

Mwambie ukweli mfupi. "Kesho tunakwenda kliniki. Utapimwa uzito. Nesi atakuchoma sindano moja mkononi. Itauma kidogo, kama mwiba, halafu itakwisha. Mimi nitakushika." Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaelewa zaidi ya tunavyodhani.

CHEZENI KLINIKI NYUMBANI

Watoto hujifunza kwa mchezo. Siku mbili au tatu kabla ya kliniki, cheza naye.

Chukua kanga imara. Iwe kama mfuko. Mpime kaka yake mkubwa kwanza kwa kumnyanyua kidogo ndani yake. Mpime na yeye. Sema, "Kilo kumi! Umekua!" Akicheka, umeshinda nusu ya vita.

Mfundishe kufungua kinywa na kusema "aaa". Matone ya vitamini A huwekwa kinywani. Mtoto hupewa matone hayo kuanzia miezi 6, kila baada ya miezi 6, hadi afike miaka 5. Dawa ya minyoo nayo hupitia kinywani. Mtoto aliyezoea "aaa" hapaliwi kwa kulia.

Mwache naye awe nesi. Akupime mkono kwa kamba. Akuchome sindano kwa kijiti kisicho na ncha. Wewe sema, "Aa! Imeuma kidogo. Imekwisha." Anaona kwamba mama ameumia kidogo, na mama bado mzima.

SIKU YA SAFARI

Pande za Mlima Meru zina hali yake. Mwezi wa Juni na Julai asubuhi ni baridi na ukungu. Mtoto akivuliwa nguo kwenye baridi hiyo, hulia hata kama haogopi kitu. Chukua shuka au kanga ya ziada. Usimvue mapema. Mvue zamu yake inapofika, mpime, kisha mfunike mara moja.

Wakati wa masika njia za mlimani zina utelezi. Anza safari mapema ili usifike ukiwa na haraka na hasira. Mtoto huisoma hasira ya mama kabla ya kuona sindano.

Mpe chakula kabla ya kuondoka. Beba uji au ndizi ya njiani. Mtoto mwenye njaa na usingizi hawezi kuwa mvumilivu. Hata mtu mzima hawezi.

Mvalishe nguo rahisi kuvua. Shati lenye vifungo ni bora kuliko sweta la kubana shingo. Chukua kitu anachokipenda, hata kama ni gari la makopo.

Usisahau kadi.

AKIIKATAA MIZANI

Katika vituo vingi mtoto hupimwa kwa mizani ya kuning'inia. Simama mbele yake, macho yenu yakutane. Usijifiche nyuma yake. Mpe kitu cha kushika. Kama kuna mtoto jirani asiyeogopa, mwombe mama yake atangulie. Wako ataona.

Akikataa kabisa, usipigane naye. Muulize muuguzi kama ipo mizani ya kusimama. Kwa mizani hiyo mnaweza kupimwa kwa hesabu rahisi:

Mama amembeba mtoto: kilo 71.
Mama peke yake: kilo 60.
Toa 60 katika 71. Mtoto ana kilo 11.

Hesabu hii unaweza kuifanya wewe mwenyewe. Uzito umepatikana, na hakuna aliyevutwa wala kupigwa.

Usikubali kurudi nyumbani bila uzito kuandikwa. Uzito ndio unaosema kama chakula kinatosha. Uso wa mtoto unaweza kukudanganya. Mizani ni shahidi mzuri zaidi.

WAKATI WA SINDANO

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunamlaza mtoto chali, watu watatu wanambana. Mtoto anadhani anauawa.

Njia nzuri ni hii. Kaa kwenye kiti au benchi. Mkalishe mtoto mapajani, kifua chake kikuelekee. Mkono wake mmoja upite kwapani kwako. Mkono wako umzunguke mgongoni kama unamkumbatia. Miguu yake ibane kwa upole katikati ya mapaja yako. Amekaa wima, anasikia moyo wako, na hawezi kurusha mkono. Muuguzi naye anafanya kazi yake upesi na kwa usalama.

Kama bado ananyonya, mnyonyeshe kabla ya sindano, na hata wakati wa sindano kama muuguzi anaona inafaa. Ziwa hupunguza maumivu. Hii si dawa ya kununua. Unayo.

Kama ameacha kunyonya, mwonyeshe kitu. "Tazama yule ndege! Yuko wapi?" Mwimbie. Mwambie apulize kama anayepooza uji. Wakati huo sindano imeingia na kutoka.

Usisugue mahali penye sindano. Usimpige kwa kulia. Usimwambie, "Wanaume hawalii." Kulia ni haki yake. Yeye alie, wewe umshike, kazi iendelee. Ikiisha, msifu kwa alichokifanya: "Umekaa vizuri. Umemaliza." Neno hilo ndilo atakalolikumbuka mwezi ujao.

BAADA YA CHANJO

Mtoto anaweza kupata homa kidogo siku moja au mbili. Mahali pa sindano panaweza kuvimba kidogo. Mnyonyeshe zaidi, au mpe vinywaji. Usipake mafuta ya taa, majani wala kinyesi cha ng'ombe. Chanjo ya kifua kikuu anayopewa mchanga huacha kidonda kidogo mkononi baada ya wiki chache. Hicho hupona chenyewe. Usikipake kitu.

Lakini homa ikiwa kali, au mtoto akipata degedege, au akishindwa kunyonya, mrudishe kituoni mara moja. Usingoje kesho.

MUULIZE MUUGUZI MAMBO HAYA

Mtoto akiisha tulia, usikimbie. Ulikuja kwa miguu kutoka mbali. Uliza.

Kwanza, uliza juu ya uzito. Kama haujaongezeka, uliza nini cha kufanya. Pande zetu tuna maziwa, mayai, maharage, ndizi, mchicha na parachichi. Mara nyingi chakula kipo, ila mtoto anapewa uji mtupu asubuhi na jioni. Uji ukitiwa maziwa au karanga zilizosagwa unakuwa chakula kingine.

Pili, uliza kama mtoto apimwe mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa kwa utepe wenye rangi tatu. Kijani ni salama. Njano ni onyo. Nyekundu ni hatari, maana mkono una chini ya sentimita 11.5. Mtoto huyo anahitaji tiba siku hiyo hiyo.

Tatu, mwonyeshe meno na miguu. Mlima Meru ni mlima wa volkano. Baadhi ya chemchemi, mito na visima vya pande hizi vina madini ya floridi kwa wingi. Meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia. Floridi ikizidi sana, hata mifupa huharibika na miguu kupinda. Ukiona miguu ya mtoto inapinda, usiseme "atanyooka mwenyewe". Mwonyeshe muuguzi. Uliza pia ni maji gani ya kijijini yamepimwa na kuonekana yanafaa watoto. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na floridi kidogo. Baadhi ya magadi tunayolainishia makande yana floridi pia. Mtoto mdogo asipikiwe kwa magadi.

SASA UNAJUA KUSOMA: SOMA KADI

Zamani mama alipewa kadi akaificha sandukuni, maana haikumwambia neno. Wewe leo unasoma. Kadi hiyo ni ya kwako.

Tazama mambo matatu.

1. Tarehe ya kurudi. Isome kabla ya kuondoka. Iandike ukutani au popote utakapoiona.

2. Chanjo. Kila chanjo iliyotolewa ina tarehe yake. Palipo wazi, uliza: "Hii bado? Atapewa lini?"

3. Mstari wa uzito. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukilala, kuna jambo. Mstari ukishuka, hiyo ni hatari, hata kama mtoto anacheza.

Katikati ya miaka ya 2010, Mkoa wa Arusha ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza Tanzania kujaribu kuandika chanjo za watoto katika kompyuta. Nia ilikuwa kuwajua watoto waliokosa chanjo ili watafutwe. Hilo ni jambo jema. Lakini kompyuta haiwezi kumbeba mtoto kutoka nyumbani. Wewe ndiye unayembeba.

Kama umechelewa mwezi mmoja au mitatu, nenda tu. Usiogope kugombezwa. Muuguzi ataangalia kadi na kuendelea pale ulipoishia. Si lazima kuanza upya. Chanjo za watoto katika vituo vya serikali hazilipiwi.

Februari 2024 ilifanyika kampeni ya chanjo ya surua na rubela nchi nzima, kwa watoto wa miezi 9 hadi 59. Kampeni kama hizo husaidia. Lakini huja na kupita. Kliniki ipo kila mwezi.

BABA NAYE AENDE

Mara nyingi kliniki huonekana kuwa ni ya akina mama tu. Si kweli. Mtoto anayeshikwa na baba yake mwenye mikono imara na sauti ya upole hutulia upesi. Baba akifika, naye atasikia maneno ya muuguzi juu ya chakula. Jioni hatauliza kwa nini maziwa yote hayakuuzwa.

Kama baba hawezi kwenda, amsaidie mama kazi za siku hiyo. Akate majani ya ng'ombe. Achote maji. Abaki na watoto wengine. Mama asiye na haraka humtuliza mtoto vizuri.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kilio cha mtoto kliniki ni cha dakika chache. Surua ikiingia nyumbani, kilio chake ni kingine. Mshike mtoto wako kwa upendo, mwambie ukweli, mpeleke.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni maneno gani ya kutishia watoto yanayotumika katika kijiji chenu? Mnaweza kusema nini badala yake?

2. Kwa nini mtoto anahitaji chanjo ya surua ya miezi 18 ikiwa alipata ya miezi 9?

3. Mama na mtoto wana kilo 68. Mama peke yake ana kilo 56. Mtoto ana kilo ngapi?

4. Kila mmoja alete kadi ya mtoto wake. Someni pamoja. Tarehe ya kurudi ni lini? Kuna chanjo iliyobaki?

5. Je, katika mtaa wenu yupo mtoto ambaye hajapelekwa kliniki kwa muda mrefu? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake, na lini?